Asilimia 36 ya Nini? Namna Mtafiti Anavyoweza Kuueleza Umma Sayansi Yake Bila Woga

Mzazi anayempeleka mtoto kliniki Siaya, Vihiga au Homa Bay kupata chanjo ya malaria hukutana na nambari inayomchanganya: asilimia 36. Amesikia kwamba chanjo hiyo "inafanya kazi kwa asilimia 36", akapiga hesabu yake, akaona kwamba watoto 64 kati ya kila 100 wanadungwa sindano bure. Jirani yake naye amesikia habari za chanjo hiyohiyo akaelewa kwamba mtoto akikamilisha dozi hana haja tena ya kulala ndani ya neti. Nambari waliyoisikia ni ya kweli. Walichokielewa si cha kweli.

Kosa si la wazazi hao. Nambari ilitolewa ikiwa tupu, bila kuambiwa ni asilimia 36 ya nini, kwa akina nani, kwa muda gani. Mtafiti anayejua majibu hayo mara nyingi yupo papo hapo, pengine katika kaunti hiyohiyo, lakini akiitwa redioni anatafuta udhuru, na akisimama mbele ya baraza la chifu anajificha nyuma ya istilahi. Wengi hudhani wanakosa kipaji cha kusema. Kwa maoni yangu, wanachokosa ni maandalizi ya aina fulani. Ujasiri wa mtafiti hautokani na ufasaha, wala na kujua kila kitu. Unatokana na kuujua mpaka wa utafiti wake kwa usahihi: alipima akina nani, alipata nini kwa idadi ya watu, na ni kitu gani hakukipima kabisa.

Maneno ya kuanzia

Utafiti wa afya unaozua mjadala zaidi huku magharibi mwa Kenya ni jaribio linganishi. Watu waliokubali kushiriki hugawanywa kwa bahati nasibu katika makundi. Kundi moja hupewa kitu kinachojaribiwa, na jingine, yaani kundi linganishi, hupewa kitu kingine. Bahati nasibu ndiyo kiini cha mambo. Daktari hachagui, chifu hachagui, mzazi hachagui, ili tofauti itakayoonekana mwishoni isiwe imeletwa na uwezo wa familia fulani au ukaribu wake na kituo cha afya. Katika jaribio kubwa la chanjo ya malaria iitwayo RTS,S, watoto wa kundi linganishi walioanza wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17 walipewa chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa hiyo hata wao walitoka na kinga.

Ufanisi ni kiwango ambacho tatizo limepungua katika kundi la kwanza likilinganishwa na lile la pili. Kupitiwa na wataalamu wenza ni hatua ambapo wataalamu wasiohusika na kazi hiyo huisoma na kuihoji kabla jarida halijaichapisha. Hatua hiyo hupunguza makosa, lakini haimaanishi kwamba jambo limefungwa milele. Matokeo ya awali ni yale yaliyotolewa kabla kazi haijakamilika au haijapitiwa, na mtafiti anayeyatangaza anapaswa kuyaita hivyo katika sentensi ya kwanza.

Asilimia 36, polepole

Jaribio la RTS,S lilifanyika kati ya 2009 na 2014 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, na watoto 15,459 walishiriki. Kenya ilikuwa na vituo vitatu: Kilifi, Siaya, na Kombewa katika Kaunti ya Kisumu. Kwa watoto walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi zote nne, visa vya malaria vilipungua kwa asilimia 36 katika muda wa takriban miaka minne, vikilinganishwa na vile vya kundi linganishi.

Kilichohesabiwa hapo ni visa, yaani mara ambazo watoto waliugua. Kandokando ya Ziwa Victoria mtoto mdogo anaweza kuugua malaria mara kadhaa kwa mwaka, kwa hiyo mtoto mmoja anaweza kuchangia visa vingi. Fikiria nyumba ya mabati inayovuja kila mahali wakati wa masika. Ukiziba zaidi kidogo ya theluthi ya matundu, haimaanishi kwamba theluthi ya vyumba vimekauka kabisa na vilivyobaki vinavuja kama zamani. Maji yanayoingia yanapungua nyumba nzima. Ndivyo ilivyo kwa chanjo hii: mzigo wa kuugua unapungua kwa watoto waliochanjwa kwa jumla.

Kuna hesabu ya pili kutoka jaribio hilohilo ambayo haisikiki redioni, nayo ndiyo inayomaliza ubishi. Kwa kila watoto 1,000 waliopata dozi nne, visa 1,774 vya malaria vilizuiwa. Visa vilivyozuiwa ni vingi kuliko watoto wenyewe. Mzazi aliyedhani kwamba watoto 64 kati ya 100 hawafaidiki akiisikia nambari hiyo huona mwenyewe kwamba hesabu yake haiwezi kuwa sahihi, na huhitaji kumwambia amekosea.

Mfano wa paa nao una mahali unapokomea, na anayeutumia lazima apataje. Tundu lililozibwa vizuri hudumu, ilhali kinga ya chanjo hupungua kadiri miezi inavyopita. Ndiyo maana kuna dozi ya nne. Hapa Kenya ratiba iliyotumika mwanzoni ilikuwa miezi 6, 7, 9 na 24, na kwa kuwa dozi ya mwisho huja mtoto anapokuwa tayari anakimbia uani na kliniki imeshasahaulika, ni rahisi sana kuikosa. Mtafiti aliyesifu chanjo bila kueleza kwamba kinga hushuka hana namna ya kumweleza mama kwa nini arudi kwa dozi ya nne.

Kwa hiyo redioni mtu anaweza kusema hivi: "Mtoto aliyepata dozi zote nne bado anaweza kuugua malaria, ila ataugua mara chache zaidi. Katika jaribio, kwa kila watoto elfu moja waliochanjwa, visa zaidi ya elfu moja na mia saba vilizuiwa kwa miaka minne. Neti bado ni ya kila usiku." Maneno hayo hayazidi nusu dakika. Yana kikomo, yana idadi, yana muda, na yanamwambia msikilizaji la kufanya leo jioni.

Nusu ya hatari, na nusu ya habari

Kisumu imeshapitia mtihani wa aina hii. Kati ya 2002 na 2006 wanaume 2,784 wa umri wa miaka 18 hadi 24 walishiriki katika jaribio la tohara na maambukizi ya virusi vya Ukimwi. Kundi moja lilitahiriwa mwanzoni, jingine likasubiri. Desemba 2006 jaribio lilisimamishwa mapema kwa sababu tofauti ilikuwa imeshajidhihirisha: katika kundi lililotahiriwa wanaume 22 walikuwa wameambukizwa, katika kundi lililosubiri 47. Matokeo yalipochapishwa 2007, dunia ilisikia "hatari hupungua kwa asilimia 53".

Asilimia hiyo ni sahihi. Lakini matokeo hayohayo yanaweza kusemwa hivi: katika muda wa miaka miwili, kati ya kila wanaume 100 ambao hawakutahiriwa waliambukizwa karibu 4, na kati ya kila 100 waliotahiriwa karibu 2. Kauli ya kwanza inaonyesha ukubwa wa tofauti. Ya pili inaonyesha hatari yenyewe iko wapi kabla na baada, na inaonyesha wazi kwamba wale wawili bado wapo. Anayesikia ya kwanza peke yake hufika kwa urahisi kwenye "aliyetahiriwa haambukizwi". Anayesikia ya pili hawezi kufika huko.

Hapo pana kanuni ya kazi ambayo ningependa kila mwanafunzi wa uzamili aijue kabla hajasimama popote: taja hatari kwa makundi yote mawili, kwa kigezo kimoja, na kwa muda uliotajwa. Kigezo kimoja maana yake ni "4 kati ya 100" na "2 kati ya 100". Usiseme "mmoja kati ya 25" halafu "mmoja kati ya 50". Hesabu ni ileile, lakini wasikilizaji wengi husikia 50 kuwa kubwa kuliko 25 na kudhani hatari imeongezeka. Mtafiti akiulizwa kwa nini watu wamemwelewa kinyume hulaumu elimu yao, na kumbe tatizo lilikuwa katika kigezo alichokibadilisha katikati ya sentensi.

Halafu kuna kilichoachwa nje. Jaribio la Kisumu lilipima kama mwanamume anaambukizwa. Halikuonyesha kwamba tohara inamkinga mwanamke moja kwa moja. Wanaume wa makundi yote mawili walipewa ushauri na kondomu, kwa hiyo faida iliyoonekana ni juu ya hayo, wala haikuja mahali pa hayo. Mpango wa tohara ya hiari ulipoanza Nyanza mwaka 2008, ujumbe wowote ulioangusha sehemu hiyo ulikuwa na madhara ya kweli vitandani mwa watu. Tena katika eneo ambalo Wabukusu hutahiri kwa mila na Wajaluo kwa desturi hawatahiri, takwimu hiyo haikusikika kama takwimu tu. Ilisikika kama kauli juu ya nani ni mwanamume kamili. Mtafiti asiyejiandaa kwa swali hilo atashangaa kwa nini ukumbi umechafuka wakati yeye ametaja asilimia tu.

Damu inakwenda wapi?

Swali la damu halikosi katika baraza la utafiti. Uvumi wa kachinja, watu wanaodaiwa kuiba damu, umeziandama timu za utafiti Nyanza kwa miaka mingi. Pwani wao husema mumiani. Wapo watafiti wanaocheka wakiusikia, na wapo wanaokasirika. Kucheka ni kubaya zaidi. Nyuma ya uvumi huo kuna maswali halali kabisa: mnachukua kiasi gani, mnakipeleka wapi, nani anafaidika, na mbona mlirudi mara ya pili?

Jibu linaloshindwa kila mara ni "tunachukua kidogo tu". Kidogo si kipimo. Chukua kichupa kilekile kitakachotumika, kile chenye kifuniko cha zambarau kama ndicho, na kijiko cha chai. Jaza maji kichupani hadi mstari utakaofikiwa na damu, kisha uyamimine kijikoni mbele ya watu, taratibu, mzee wa kijiji akishika kijiko. Kijiko cha chai hubeba mililita 5. Mtoto wa kilo 10 ana damu ya takriban mililita 800 mwilini, kwa hiyo kijiko hicho hakifiki sehemu moja ya mia. Mtu mzima anayechangia damu hospitalini hutoa mililita 450 kwa mara moja. Kipimo cha haraka cha malaria, kile cha kutoboa kidole, huhitaji mikrolita 5, sawa na sehemu moja ya elfu ya kijiko hichohicho.

Kisha kifuate kichupa safari yake yote kwa maneno. Lebo yake ina nambari badala ya jina, na daftari linalounganisha nambari na jina linafungiwa mahali fulani, mnapataja. Kinawekwa katika sanduku lenye barafu, kinafika maabara ndani ya saa kadhaa, mnazitaja. Kitapimwa kitu hiki na hiki, na si kingine bila ridhaa. Kitahifadhiwa kwa miaka kadhaa, kisha kitachomwa. Kama sehemu ya sampuli itasafirishwa nje ya Kenya, sema mwenyewe kabla hujaulizwa, pamoja na sababu na kibali kilichotolewa. Likijitokeza baadaye kupitia dereva au mfanyakazi wa maabara, kila ulichosema kabla yake kitatiliwa shaka, hata kile kilichokuwa kweli tupu.

Swali la pesa huja hapohapo. Nani amefadhili, mtafiti analipwa na nani, nauli ya mshiriki ni kiasi gani na kwa nini si zaidi. Lijibu kwa sentensi mbili zilizonyooka. Ukizunguka, watu watadhani pesa ni nyingi kuliko zilivyo.

Kazi ya mezani kabla ya kipaza sauti

Andika karatasi moja yenye sentensi chache zinazojibu mambo haya: tuliuliza nini, tulipata nini kwa idadi ya watu, hii haimaanishi nini, na msikilizaji afanye nini. Kama hakuna la kufanya kwa sasa, iandike hivyo pia. Msikilizaji ana haki ya kujua kwamba hatakiwi kubadilisha chochote. Maneno 60 yanatosha. Isome kwa sauti ukijirekodi kwa simu, kisha usikilize. Masikio hukamata ambayo macho hupita, na mahali ulipokata pumzi katikati ya sentensi ndipo sentensi ilipo ndefu mno. Kila neno utakalolazimika kulieleza kwa neno jingine, liondoe. "Vijidudu vya malaria kwenye damu" ni maneno marefu kuliko istilahi ya maabara, na ni bora.

Wapo watafiti wanaoamini kwamba kurahisisha ni kupotosha. Kupotosha ni kuondoa mpaka: kuacha kusema ni watoto wa umri gani, kwa muda gani, wakilinganishwa na akina nani. Ukiuhifadhi mpaka na kuondoa istilahi, hujapotosha kitu.

Baada ya hapo mpelekee karatasi mtu asiye wa fani yako: mhudumu wa afya ya jamii, dereva wa mradi, mwuza samaki. Usimuulize kama ameelewa, kwa sababu kwa heshima atakwambia ndiyo. Muulize: "Ukifika nyumbani, utamwambia nini mwenzako?" Atakachokisema ndicho ulichokisema kweli. Fanya hivyo na watu watatu au wanne, na sentensi inayopotea au kugeuka kwa wawili kati yao irekebishe.

Kisha orodhesha maswali kumi unayoyaogopa, yale ambayo ukiyafikiria tumbo linakaza, na ujibu kila moja kwa nusu dakika mbele ya mwenzako. Hofu nyingi ya umma ni hofu ya swali moja au mawili mahususi. Mtafiti akishayajibu kwa sauti mara tatu, hofu hiyo hupungua kwa namna ambayo hakuna mafunzo ya kutumia mikono na macho yatakayoiondoa.

Lugha nayo ipangwe mapema. Utafiti hupangwa kwa Kiingereza, karatasi huandikwa kwa Kiswahili, na mazungumzo hufanyika kwa Dholuo, Kibukusu au Kimaragoli. Ukimwachia mkalimani atafsiri papo hapo, yeye ndiye atakayeamua utafiti wako ulipata nini. Kaa naye saa moja kabla, mkubaliane maneno kama "kinga", "hatari" na "bahati nasibu", na umwombe akurudishie kwa Kiswahili atakavyosema. Tahadhari na "majibu chanya": maabara humaanisha ugonjwa umeonekana, na mtu anaweza kuondoka akifurahi kwa habari mbaya.

Vipimo vigeuzwe viwe vya miguu na vya siku. Utafiti wa neti zenye dawa uliofanyika Asembo na Gem, huko Siaya, miaka ya 1990 ulionyesha kwamba hata nyumba zisizokuwa na neti zilipata kinga zikiwa ndani ya mita 300 kutoka vijiji vilivyopewa neti, kwa sababu mbu wenyewe walipungua. Mita 300 ni mwendo wa dakika nne hivi kwa miguu. Ukisema hivyo, kila mtu barazani anaanza kuhesabu majirani zake.

Ndani ya studio

Kabla ya kukubali mwaliko wa Radio Ramogi, Mulembe FM au kituo kingine chochote, muulize mtayarishaji: kipindi ni cha moja kwa moja au kinarekodiwa, ni dakika ngapi, wasikilizaji watapiga simu, nani mwingine atakuwepo, na lugha ni ipi. Ukishakaa, kipaza sauti kiwe shubiri moja kutoka mdomoni, na simu yako izimwe kabisa. Jibu la kwanza lianze na matokeo. Watafiti wengi huanza na historia ya taasisi na majina ya washirika, na kufikia dakika ya tatu mtangazaji ameshaingiza tangazo.

Uvumi ukiletwa kwa simu, anza na ukweli, utaje uvumi mara moja tu, eleza uvumi huo unakosea wapi, kisha urudie ukweli. Chukua hili linaloulizwa sana: "Nilimaliza dawa za malaria wiki iliyopita, nikapimwa tena kwa kipimo cha kidole, bado kinaonyesha malaria. Dawa ni feki?" Jibu: kipimo hicho hutafuta protini inayoachwa na vijidudu, na protini hiyo inaweza kubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vijidudu kufa. Kwa hiyo kipimo hicho peke yake hakithibitishi kwamba dawa imeshindwa. Kama homa imerudi, arudi kituoni akapimwe kwa darubini, maana darubini huona vijidudu vyenyewe. Simtibu mtu hewani zaidi ya hapo, wala wewe usijaribu. Mpigaji simu ana mtoto usiyemwona.

Swali usilolijua lina jibu lake kamili pia. Sema hujui. Sema nani anajua au kitu gani kinahitaji kupimwa ili kijulikane. Sema unachoweza kukithibitisha sasa. "Sijui kama chanjo hii inawafaa watu wazima, jaribio hili lilifanywa kwa watoto wachanga na wadogo tu." Huo ni ujuzi, na wasikilizaji huutambua.

Na usifiche kilichokuogofya. Jaribio la RTS,S lilionyesha visa vya homa ya uti wa mgongo vikiwa vingi zaidi kwa watoto waliochanjwa. Haikujulikana kama ni chanjo au ni bahati mbaya ya hesabu, na hiyo ni sehemu ya sababu iliyofanya chanjo ianze kama mpango wa kufuatiliwa kwa karibu nchini Malawi, Ghana na Kenya mwaka 2019; hapa ilizinduliwa Homa Bay mwezi Septemba. Kufikia Oktoba 2021 zaidi ya dozi milioni 2.3 zilikuwa zimetolewa, uhusiano na ugonjwa huo haukuonekana, na Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo itumike. Mtafiti anayeisimulia habari hiyo mwenyewe, mwanzo hadi mwisho, hana cha kuogopa mtu atakapoileta kwenye WhatsApp ikiwa nusu.

Majibu yakiwa bado hayajafika

Kigumu kuliko vyote ni kusema wakati hujui bado na watu wana hasara. Novemba 2022 wafugaji wa samaki wa vizimba upande wa Kisumu walipoteza samaki wengi, na mahali pa namna hiyo neno la kwanza ufuoni ni sumu. Mtafiti akisubiri ripoti kamili, wiki mbili zitapita na kila mtu atakuwa ameshampata mwenye kosa.

Anachoweza kusema siku hiyohiyo ni kile kipimo kinachoonyesha. Maji ya juu ya ziwa yakiwa mazuri huwa na oksijeni ya takriban miligramu 7 kwa lita. Ikishuka chini ya 3, samaki wa vizimbani huanza kutaabika, na hawawezi kuhamia kwingine kama wale walio huru. Oksijeni hushuka zaidi alfajiri, kwa sababu usiku mwani haitengenezi oksijeni bali huitumia, na upepo mkali unaweza kuyapandisha juu maji ya chini yasiyokuwa nayo. Dalili nyingine wavuvi huziona wenyewe: samaki wanahema juu ya maji kabla ya jua kutoka, mbuta anakufa mapema kwa kuwa anahitaji oksijeni nyingi, ilhali kamongo, anayevuta hewa ya juu, anasalia. Ukiwauliza viongozi wa BMU, yaani vikundi vya usimamizi wa fuo, waliona nini na saa ngapi, utapata data ambayo kifaa chako hakikuwepo kuikusanya. Anayedhani wananchi hawana cha kuchangia katika maelezo ya kisayansi hajawahi kuuliza swali hilo.

Kauli yenyewe iwe na sehemu zake: tulichokipima leo, tusichokijua, na siku na saa tutakayorudi. "Asubuhi hii karibu na vizimba tumepata miligramu 2 kwa lita. Sampuli za kupima sumu zimepelekwa maabara, majibu hayajarudi. Ijumaa saa nne tutakuwa hapa ufuoni." Ijumaa hiyo mfike, hata kama majibu hayajatoka.

Ruhusa na faragha

Kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na cha kamati ya maadili kinaeleza utakachofanya kwa washiriki, na taasisi yako ina ofisi ya mawasiliano inayopaswa kujua unapokwenda kuzungumza. Watafiti wengi hukitumia hicho kama sababu ya kunyamaza. Wajulishe mapema, wape ile karatasi ya maneno 60, na mara nyingi ruhusa hupatikana siku hiyohiyo. Walioshiriki wasikie matokeo kabla ya gazeti. Na jihadhari na hadithi za mtu mmoja: ukisema "mama mmoja wa kata hii mwenye mapacha", umeshamtaja jina bila kulitamka.

Mwandishi wa habari hana wajibu wa kukuonyesha makala yake kabla haijatoka. Unaweza kumwomba akusomee nukuu zako na nambari, na wengi hukubali. Mtumie nambari kwa maandishi, kila moja ikiwa na kigezo chake na muda wake. Kichwa cha habari huandikwa na mhariri, si yeye. Kikikosea, piga simu siku hiyohiyo ukiwa na sentensi sahihi tayari, badala ya malalamiko ya jumla.

Mwisho wa baraza acha karatasi ya ukurasa mmoja kwa chifu, kwa mzee wa kijiji na kwa mhudumu wa afya ya jamii: matokeo kwa lugha ya pale, tarehe, nambari ya simu ya ofisi inayopokelewa, na jina la mtu wa karibu anayeweza kujibu. Mhudumu huyo ndiye atakayeulizwa kisimani na sokoni muda mrefu baada ya gari la mradi kuondoka, kwa hiyo mpe saa yake peke yake, na yale maswali kumi na majibu yake. Baada ya wiki mbili mpigie simu umuulize watu wanasemaje. Kama wanasema mtoto aliyechanjwa haugui malaria, rudi na ile hesabu ya watoto 1,000.